Ujauzito wa wiki 19 na moyo usiotulia: nawezaje kuupunguza wasiwasi bila kumeza dawa?

Mama Mtarajiwa, Morogoro

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 29, na ujauzito wangu umefikisha wiki 19. Mwaka jana mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 9, na tangu siku kipimo kilipoonyesha mistari miwili kwa mara ya pili sijapata kukaa siku nzima moyo ukiwa umetulia. Kila niingiapo msalani naangalia kama kuna damu. Wakati mwingine naenda hata bila haja, ili niangalie tu. Usiku ndio mbaya zaidi, kwa kuwa mume wangu ni dereva wa malori yaendayo Tunduma na hukaa safarini siku nne au tano, nami hubaki nikipima mwili wangu gizani: jana tumbo lilikuwa kubwa kuliko leo, matiti yameacha kuuma, mtoto bado hajacheza. Ikifika saa nane za usiku moyo huanza kwenda mbio, vidole hufa ganzi, pumzi huwa fupi, nami huona kama ndiyo naiaga dunia.

Nilipolieleza jambo hili kwenye kliniki moja niliambiwa kwamba wajawazito wote wana wasiwasi na kwamba niache deko. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nikanyamaza. Mama mkwe wangu naye, kwa nia njema kabisa, amenikataza kuitaja mimba iliyotoka, kwa kuwa anaamini kuitaja ni kuialika nyingine itoke.

Dawa za kutuliza wasiwasi sizidharau, ila ninaogopa kumeza chochote kitakachomfikia mtoto. Mume wangu ameona kwenye intaneti kifaa kidogo cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto nyumbani na anataka kukiagiza. Jirani ameniletea mizizi ya kuchemsha ambayo hata jina lake hakunitajia. Naomba mnieleze mambo ambayo mnayajua kwa hakika au mmeyafanya wenyewe yakawatuliza. Tena nitajuaje kwamba wasiwasi wangu umevuka ule wa kawaida?

Mkunga wa Likoni

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa mimba iliyotangulia. Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi katika wodi ya wazazi kwa miaka 22, na aliyekuambia uache deko hakukutendea haki. Foleni ndefu naijua, lakini swali kama lako linastahili dakika tatu.

Nianze na damu kabla ya mambo ya pumzi. Moyo kwenda mbio na pumzi kuwa fupi si lazima viwe vinatokana na mawazo, kwani upungufu wa damu huleta dalili hizo hizo, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huzileta pia. Omba upimwe wingi wa damu. Mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa ana upungufu. Nimewaona wanawake waliofundishwa kutulia kwa miezi miwili kumbe walichohitaji ni madini ya chuma. Vile vidonge vya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki usivitie katika fungu la dawa unazozikataa, maana hivyo havihusiani na kutuliza akili, ni chakula cha damu yako na ya mtoto.

Sasa ganzi ya vidole. Mtu mwenye hofu huhema haraka haraka, akatoa kabonidioksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na kupungua kwa hewa hiyo katika damu ndiko kunakofanya vidole na midomo ife ganzi na kichwa kiwe chepesi. Ndiyo maana mtu huhisi anakosa hewa wakati anavuta hewa nyingi mno. Hofu ya namna hiyo kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika kumi hivi kisha hushuka yenyewe. Unachoweza kufanya ni kuisaidia ishuke: keti, egemeza mgongo, weka kiganja juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepuliza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Usiibane pumzi katikati. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hapo ndipo mwili unapopokea habari kwamba hatari imepita na mapigo yakaanza kupungua. Fanya hivyo kwa dakika tano, mara mbili kwa siku, tena mchana ukiwa mtulivu, maana mtu hafundishwi kuogelea siku ya dhoruba. Wengi huniambia kwamba zoezi limewashinda, na nikiwauliza, nagundua walilijaribu mara moja tu, saa nane za usiku.

Kuhusu kuangalia damu, nisikilize vizuri. Kila ukiangalia na kukuta hakuna, unapata nafuu ya dakika chache, kisha akili inajifunza kwamba usalama wako ulitokana na kule kuangalia, basi inakudai uangalie tena. Usijaribu kuacha kwa siku moja. Anza kwa kutokwenda msalani bila haja. Ukisikia hamu ya kwenda kuangalia tu, iahirishe kwa dakika kumi, wiki ijayo kwa dakika ishirini. Damu ya kweli itakayohitaji msaada wetu haitakuhitaji uitafute.

Kile kifaa, mwambie mumeo asikinunue. Mikononi mwa asiyefundishwa, kifaa kile huweza kunasa mapigo ya mama mwenyewe au mshindo wa damu katika kondo la nyuma, mama akatulia wakati alipaswa kuja hospitali, au kikakosa kunasa chochote kwa sababu mtoto amegeuka, mama akakesha analia. Yote mawili nimeyaona. Na mizizi isiyo na jina usiichemshe kamwe. Baadhi ya mitishamba hulikaza tumbo la uzazi, na hata mkunga hodari hawezi kukusaidia upesi ikiwa hajui ulichokunywa. Mshukuru jirani, uiweke kando.

Kutosikia mtoto akicheza katika wiki 19 za ujauzito ambao ndio wa kwanza kufika umri huo si jambo la ajabu. Wengi huanza kusikia kati ya wiki 16 na 24, na kondo likiwa limejishika upande wa mbele, mateke huchelewa kusikika kwa sababu yanapiga kwenye mto. Uliza siku ya ultrasaundi kondo lako limekaa wapi. Jibu hilo pekee limewapa wengi usingizi.

Mwisho, ulichonyimwa ruhusa ya kukitaja. Mimba nyingi zinazotoka kabla ya wiki 12 hutoka kwa sababu ya hitilafu ya kromosomu iliyokuwapo tangu kutungwa. Hazitoki kwa kuwa mama alibeba ndoo au alipanda bodaboda, wala kwa kuwa aliwaza au alitaja jambo. Wewe sasa umeivuka miezi ile ambamo mimba nyingi huharibika.

Umm Salma, Tanga

Mdogo wangu, nimesoma maneno yako nikajiona mwenyewe, kwa sababu nami nilipoteza mimba kabla ya huyu binti yangu mwenye miaka sita. Nitakueleza nilichofanya, na baadhi ya mambo utayaona madogo mno.

Jambo la kwanza lilikuwa daftari. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akisomea unasihi alinifundisha nitenge nusu saa ya kuwaza, kila siku saa kumi na moja jioni, wala si kitandani. Hofu ikinijia asubuhi nilikuwa naiambia isubiri zamu yake. Jioni naketi barazani, naandika kila linalonitisha, halafu pembeni ya kila hofu naandika mojawapo ya maneno matatu: kuuliza, kuandaa, au kuacha. "Mtoto hajacheza" liliingia katika kuuliza, nikalipeleka kliniki. "Uchungu utanishika usiku na hakuna gari" liliingia katika kuandaa, na nikatafuta namba za madereva wawili wa teksi, nikaweka fedha ya nauli ndani ya mfuko wa kadi ya kliniki. "Je, akitoka kama yule?" liliingia katika kuacha, na nakiri kwamba hilo niliandika neno kuacha zaidi ya mara mia moja na halikuacha. Hata hivyo orodha ilikuwa ikipungua kutoka chini, na usiku nilikuwa nabaki na hofu moja mahali pa kumi na mbili.

Jambo la pili lilikuwa kutembea. Daktari aliniambia kiasi kinachopendekezwa kwa mjamzito asiye na tatizo ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nilikuwa nateremka Raskazone jua likipungua, pamoja na wifi yangu ambaye ana maneno mengi kiasi kwamba sikupata nafasi ya kuwaza. Siku nisipotembea usingizi ulikuwa haba. Tofauti ilionekana wazi.

Kahawa nayo inahusika, ingawa watu wa pwani hatupendi kuambiwa. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne au vitano vya kahawa chungu ya dele kila jioni, juu yake chai ya rangi, kisha nashangaa kwa nini moyo unadunda. Wataalamu wengi humshauri mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na chai ya majani imo katika hesabu hiyo. Nilibakiza kikombe kimoja cha asubuhi.

Usiku nilikuwa nasoma Suratul Maryam, kwa sauti ya chini, bila haraka. Wenzetu wengine wana rozari zao. Sisemi kwamba kusoma huondoa haja ya hospitali. Nasema kwamba mwenye imani asione aibu kuitumia, kwa kuwa kusoma taratibu kwa sauti nako kunairefusha pumzi, na moyo unapata mahali pa kuegemea.

Mzee Msema Kweli

Mimi nitaonekana mkali. Mama yangu alizaa watoto tisa, hakuhesabu pumzi wala hakuandika daftari, na hatukuwahi kusikia neno wasiwasi wa mimba. Vijana wa siku hizi mnasoma mambo mengi kwenye simu, kisha mnaugua yale mliyoyasoma. Mwachie Mungu, fanya kazi zako, mtoto atazaliwa.

Mshauri wa Kinondoni

Shikamoo mzee wangu. Katika maneno yako kuna jambo moja la kweli, nami nitalichukua: kusoma visa vya watu wasiojulikana kwenye simu usiku wa manane kunaongeza hofu, na dada yetu afadhali aiweke simu chumba kingine baada ya saa tatu za usiku. Hilo lingine siliafiki. Mama zetu waliogopa, tena walikuwa na sababu nyingi za kuogopa. Tofauti ni kwamba hawakuachwa peke yao. Mwenye mimba ya kwanza alirudi kwao kujifungua, alikuwa na somo au kungwi wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mume, na usiku palikuwa na bibi anayekohoa upande wa pili wa ukuta. Dada yetu yuko peke yake siku tano, katika nyumba ambamo amekatazwa kuitaja huzuni yake. Ukimwambia asiwaze, umempokonya na hicho kidogo alichobaki nacho.

Mimi ni mshauri nasaha, na kwa maoni yangu dada, katika yote yaliyotajwa hapa, mazungumzo yaliyopangwa ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi. Nasema yaliyopangwa kwa maana ya mtu mmoja, siku moja ya wiki, saa inayojulikana. Matokeo ya utafiti uliofanywa Rawalpindi, Pakistani, kwa wajawazito wenye wasiwasi, yalichapishwa mwaka 2024. Wahudumu waliofundishwa kwa kazi hiyo, ambao hawakuwa mabingwa wa magonjwa ya akili, waliketi na kila mama kwa vikao 6 katika kipindi cha ujauzito, wakamfundisha kulitambua wazo linalomtisha, kulichunguza kama lina ushahidi, na kuweka mahali pake wazo lingine pamoja na tendo dogo la kufanya. Wiki 6 baada ya kujifungua, waliokuwa na wasiwasi mkubwa ni asilimia 9 miongoni mwa waliopata vikao hivyo, na asilimia 27 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida. Kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ilikuwa asilimia 12 kwa 41. Vikao vyenyewe havikuwa na kidonge chochote.

Huku kwetu Afrika, Zimbabwe walianza mwaka 2006, chini ya daktari Dixon Chibanda, kuwatumia bibi wa mitaani waliofundishwa, wanaoketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na bibi hao hulitumia hilo hilo badala ya majina ya kitabibu. Ni kama sisi tunaposema mtu ana mawazo. Kila mtu analielewa neno hilo, na hakuna anayehisi kwamba anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Umeuliza utajuaje kwamba umevuka kiwango. Mimi hutazama muda na kazi: ikiwa siku nyingi za wiki mbili mfululizo umeshindwa kulala, kula, kufundisha au kwenda kliniki kwa sababu ya hofu, huo si wasiwasi wa kawaida. Ipo pia orodha ya maswali 10 iliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya kina mama waliojifungua, ambayo hutumika hata wakati wa ujauzito na huuliza juu ya siku 7 zilizopita, omba uulizwe. Swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Mawazo hayo yakikujia, au ukiona nyumbani unatishwa au unapigwa, usisubiri tarehe ya kadi, nenda siku hiyo hiyo na umwambie mtu.

Naongeza onyo moja, nami nalitilia mkazo. Kutaka kutulia bila dawa ni uamuzi mzuri wa kuanzia, lakini usiufanye kiapo. Zipo dawa ambazo madaktari huwapa wajawazito baada ya kupima faida na madhara, na wasiwasi mkali usiotibiwa nao una madhara yake kwa mama na mtoto. Na kama yuko msomaji mwingine ambaye tayari anatumia dawa za sonona au wasiwasi na amegundua ni mjamzito, asiziache ghafla kwa sababu ya mjadala huu. Aonane kwanza na daktari wake.

Baba Pacha, Arusha

Nami ni dereva, kwa hiyo nazungumza na shemeji kupitia kwako. Mke wangu alipokuwa na mimba ya pacha nilikuwa napiga simu kila nipatapo mtandao, mara saa nne, mara saa saba za usiku, na nilidhani namfariji. Kumbe simu isiyo na saa ilikuwa inamkesha, kwa kuwa ikichelewa aliona nimepinduka. Tukakubaliana saa mbili kamili za usiku, na nikijua nitakuwa mlima Kitonga ambako siwezi kupiga, namwambia mapema mchana. Pia niliacha kumuuliza "unaendeleaje?", kwa sababu jibu lake lilikuwa "salama" kila siku. Nilimuuliza: leo umeandika nini? Fedha ya kifaa kile shemeji aitumie kumlipia mdogo wako nauli aje alale kwako.

Mama Mtarajiwa, Morogoro

Nawashukuru nyote, nawe mzee nakushukuru pia. Leo ni siku ya tano tangu niandike. Mizizi nimeifukia chini ya mpapai. Zoezi la pumzi nalifanya wakati wa mapumziko ya saa nne, wanafunzi wakinywa uji, na juzi usiku moyo ulipoanza mbio nilihesabu pumzi kwa dakika sita nikalala tena. Jana halikufanya kazi, nikaketi hadi karibu na alfajiri. Kwenda msalani bila haja kumepungua kutoka mara zisizohesabika hadi mara tatu kwa siku. Mume wangu ameisoma sehemu ya Baba Pacha mara mbili, na mdogo wangu anafika Jumamosi.

Lililonishangaza ni mama mkwe. Nilimsomea maneno ya Mkunga kuhusu mimba zinazotoka kabla ya wiki 12. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba kabla ya mume wangu walikuwa wawili, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu.

Alhamisi ninatimiza wiki 20 na nina miadi ya kliniki. Nimeandika maswali mawili: wingi wa damu, na mahali lilipo kondo. Baada ya hapo miadi yangu iko kwenye wiki 26, na hizo wiki sita katikati ndizo zinazonitisha.

Mkunga wa Likoni

Ratiba hiyo ya wiki 20 kisha 26 ndiyo inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwanangu, lakini ni idadi ya chini kabisa, si ukuta. Mwombe muuguzi akuandikie tarehe ya wiki 23, mweleze sababu ni historia yako na hofu uliyonayo. Anaweza kukupima presha na kusikiliza mapigo ya mtoto kwa muda mfupi tu. Akikataa, omba kuzungumza na msimamizi wa zamu. Na katika muda huo wote, ukiona damu, maji yakichuruzika, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, au homa kali, usipige hesabu ya pumzi wala usifungue daftari. Njoo, hata kama ni saa nane za usiku, na mama mkwe aje nawe.